Meno ya binadamu

Meno ya binadamu ni viungo vigumu vilivyopandwa katika taya la juu na taya la chini, ambavyo kazi yake kuu ni kukata na kusaga chakula kabla hakijamezwa. Meno husaidia pia kutamka baadhi ya sauti za lugha, na huupa uso umbo lake: midomo na mashavu ya kibogoyo hubonyea kwa sababu hakuna tena kinachoyategemeza kwa ndani. Mtu mzima mwenye meno kamili ana 32. Mtoto mdogo ana 20.

Jino linatofautiana na karibu sehemu nyingine zote za mwili kwa jambo moja. Ngozi iliyokatwa hufunga na mfupa uliovunjika huunga, lakini jino lililotoboka halizibiki lenyewe, kwa kuwa seli zilizojenga tabaka lake la nje hupotea jino linapochomoza ufizini. Kwa hiyo matibabu ya meno ni ya namna mbili tu: kuzuia uharibifu ungali mdogo, au kuweka kitu kingine mahali pa kile kilichopotea.

Muundo

Sehemu ya jino inayoonekana mdomoni huitwa kichwa. Ile iliyozama ndani ya taya ni mzizi, na mpaka wa sehemu hizo mbili, pale ufizi unapolizunguka jino, ni shingo. Meno ya mbele huwa na mzizi mmoja. Magego ya chini kwa kawaida yana mizizi miwili na ya juu mitatu, na ndiyo sababu gego hung'oka kwa shida kuliko jino la mbele.

Jino likipasuliwa toka juu hadi chini huonekana lina matabaka. Kichwa kimefunikwa na enameli, ambayo ni kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa binadamu. Kwa uzito, takriban asilimia 96 ya enameli ni madini, hasa fuwele za kalsiamu na fosfati ziitwazo hidroksiapatiti. Kwenye vilele vya magego unene wake hufikia milimita 2.5 hivi, lakini karibu na shingo huwa nyembamba sana. Enameli haina mishipa ya damu wala ya fahamu. Shimo linaloanza ndani yake haliumi hata kidogo, na mwenye jino hana habari.

Chini ya enameli kuna dentini, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya jino. Madini ni kama asilimia 70 ya uzito wake. Kilichobaki ni protini na maji. Dentini imejaa vijibomba vyembamba visivyoonekana kwa macho, maelfu katika kila milimita ya mraba, vinavyoelekea katikati ya jino. Enameli ikilika au ufizi ukishuka na kuacha dentini wazi, maji baridi au upepo huvuta kimiminika kilichomo ndani ya vijibomba hivyo, na mtu husikia jino likishtuka.

Rangi ya dentini ni ya manjano hafifu, na enameli hupitisha mwanga. Hivyo meno yenye afya huwa na umanjano kidogo, na huongezeka kadiri umri unavyosonga na enameli inavyopungua. Wanaoyasugua kwa mkaa uliotwangwa, chumvi au mchanga ili yawe meupe hufaulu kwa siku chache, kisha hupata kinyume cha walichotaka, maana wamepunguza tabaka jeupe na kulifunua la manjano.

Katikati ya jino kuna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu, inayoingia kupitia tundu dogo kwenye ncha ya mzizi. Kiini kimezungukwa pande zote na kuta ngumu. Sehemu nyingine ya mwili ikipata uvimbe hutanuka, lakini kiini hakina pa kutanukia. Shinikizo lote huishia kwenye mshipa wa fahamu. Maumivu ya jino yanayompiga mtu usiku alalapo, damu inapokwenda zaidi kichwani, yanatokana na hali hiyo.

Mzizi umefunikwa na tabaka jembamba la sementi, na haukugandamana moja kwa moja na mfupa wa taya. Umening'inizwa katika tundu lake kwa nyuzi nyingi fupi, mithili ya kitanda cha kamba, na nyuzi hizo hupunguza kishindo cha kutafuna. Jino zima hucheza kidogo mno bila kusikika. Waya za kunyoosha meno hutumia hali hiyohiyo: zikilisukuma jino taratibu kwa miezi, mfupa huyeyuka upande mmoja na kujengwa upande mwingine.

Aina na kuota kwake

Ukiugawa mdomo wa mtu mzima mara nne, kila robo ina meno mawili ya mbele ya kukatia, chonge moja, magego madogo mawili na magego makubwa matatu. Mtoto ana meno mawili ya mbele, chonge moja na magego mawili kwa kila robo; magego madogo hana.

Meno ya utotoni, yaitwayo pia meno ya maziwa, huanza kuchomoza mtoto akiwa na umri wa miezi 6 hivi, kwa kawaida yale mawili ya mbele ya chini, na hukamilika kati ya miaka miwili na nusu na mitatu. Huanza kung'oka kwenye miaka 6. Wazazi wengi huyapuuza kwa hoja kwamba yatang'oka tu, lakini gego la utotoni hukaa mdomoni hadi miaka 10 au 12, na kazi yake mojawapo ni kulishikia nafasi jino linalokuja chini yake. Liking'olewa mapema, meno ya jirani huegemea pengo, na jino la kudumu hutokea limepinda au hukosa pa kutokea.

Jino linalostahili kuangaliwa kuliko yote ni gego la kwanza la kudumu. Huota kwenye miaka 6, nyuma ya magego ya utotoni, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Hakuna anayeliona likija. Mzazi hudhani ni moja ya meno ya maziwa, mswaki wa mtoto haulifikii vizuri, na sehemu yake ya kutafunia ina mifereji myembamba inayonasa chakula. Matokeo yake ni kwamba gego hilo, linalopaswa kutumika miaka 60 au zaidi, mara nyingi huwa la kwanza kutoboka.

Magego ya pili hufuata kwenye miaka 12. Ya mwisho huota kati ya miaka 17 na 25, na kwa watu wengine hayaoti kabisa. Yakikosa nafasi katika taya hulala kiubavu na kusababisha maumivu na uvimbe wa ufizi.

Kuhusu watoto wachanga, katika sehemu za Tanzania, Kenya, Uganda na nchi za jirani kuna imani juu ya "meno ya plastiki" au "meno ya nailoni". Mtoto akiharisha au kupata homa, watu hutazama ufizi wake, huona uvimbe mweupe mahali chonge zitakapoota, na huamini kwamba hilo ndilo jino bovu linalomuua. Ufizi huchanjwa kwa wembe, kisu au spoku ya baiskeli na kilichomo hukwanguliwa. Kinachotolewa ni chipukizi la chonge la kawaida, ambalo bado ni laini kwa kuwa halijapata madini ya kutosha. Watoto hupoteza damu, hupata maambukizi na pepopunda, na wengine hufa, huku kuhara kwenyewe kukiwa hakujatibiwa. Anayepona anaweza kukosa chonge maishani, au jino la kudumu huota likiwa na kilema, kwa kuwa vichipukizi vya meno yote mawili vinakaribiana. Mtoto anayeharisha anahitaji maji yenye chumvichumvi za kurudisha maji mwilini na kupelekwa kituo cha afya.

Jinsi jino linavyooza

Imani ya kwamba jino hutobolewa na mdudu ni ya kale sana. Imo katika maandishi ya Babeli, na mpaka leo watu husema jino "lina mdudu". Daktari Mfaransa Pierre Fauchard, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1728, aliikataa. Maelezo yaliyokuja kukubalika yalitolewa na Mmarekani Willoughby Miller aliyefanya utafiti wake Berlin na kuuchapisha mwaka 1890: bakteria wa mdomoni hula sukari na kutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayoyeyusha jino.

Meno huwa na ukoga, yaani utando laini wa bakteria unaojijenga upya saa chache baada ya kusafishwa. Maarufu kati ya bakteria hao ni Streptococcus mutans, ambaye huishi vizuri penye asidi na hutengeneza gundi ya kujishikiza kwenye jino. Sukari ikiingia mdomoni, ukoga huanza kutoa asidi ndani ya dakika chache. Ukali wa asidi hupimwa kwa kipimo cha pH, ambapo maji safi ni 7 na namba ndogo humaanisha asidi kali zaidi. Pale pH inaposhuka chini ya 5.5 hivi, kalsiamu na fosfati huanza kutoka ndani ya enameli. Dentini ni dhaifu zaidi. Huanza kuyeyuka hata kabla ya kufikia kiwango hicho.

Mate ndiyo kinga. Hupunguza asidi na kurudisha madini kwenye enameli. Miaka ya 1940 Mmarekani Robert Stephan alipima asidi ndani ya ukoga na kuonyesha kwamba baada ya kula sukari pH hushuka ghafla, kisha hupanda polepole, na huchukua kama nusu saa hadi saa nzima kurudi ilipokuwa. Kwa hiyo jino huyeyuka na kujengeka mara kadhaa kila siku katika maisha ya mtu. Linalooza ni lile ambalo kuyeyuka kumezidi kujengeka.

Kutokana na hesabu hiyo, idadi ya mara mtu anapokula sukari ina uzito kuliko kiasi anachokula kwa mara moja. Anayemaliza chupa ya soda wakati wa chakula cha mchana ameyaweka meno yake katika asidi kwa saa moja. Muuza duka anayeinywa soda ileile kwa mafunda madogo kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja ameyaloweka alasiri nzima. Vivyo hivyo kumumunya pipi, kula kashata kidogokidogo, au kupeana vikombe vya chai ya sukari kila saa. Jambo hili lilithibitishwa kwa njia ambayo leo isingeruhusiwa: huko Vipeholm, Sweden, katika miaka ya 1940 na 1950, wagonjwa wa taahira ya akili katika hospitali moja walipewa peremende zinazonata kati ya milo ili meno yao yachunguzwe yakioza. Yaliharibika vibaya. Wagonjwa hao hawakuombwa ridhaa.

Dalili ya kwanza ni doa jeupe lisilong'aa, kama chokaa, mara nyingi karibu na ufizi. Hapo enameli imepoteza madini lakini uso wake haujabomoka, na hapo tu ndipo uharibifu unaweza kurudi nyuma, kama ukoga utaondolewa, sukari ikapungua na floraidi ikapatikana. Uso ukishabomoka na kuwa tundu, bakteria hukaa ndani ambamo mswaki haufiki. Kuoza hukimbia kwa kasi zaidi kufikapo kwenye dentini, ndiyo maana jino linaweza kuonekana lina nukta ndogo nyeusi kwa nje na kumbe ndani limekuwa pango. Baadaye kiini huambukizwa, hufa, na usaha hutokea kwenye ncha ya mzizi. Wakati mwingine maumivu hukoma ghafla mshipa wa fahamu unapokufa, na mgonjwa hufurahi kwamba amepona. Jipu huja wiki au miezi baadaye. Jipu la gego la chini likienea shingoni linaweza kuziba njia ya hewa na kuua.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba watu kama bilioni 2 wana meno ya kudumu yaliyooza bila kutibiwa, na watoto milioni 514 wana meno ya utotoni katika hali hiyo. Mtoto anayelazwa akiwa na chupa ya maziwa yenye sukari au ya juisi mdomoni huoza kwanza meno ya mbele ya juu, kwa sababu usingizini mate hupungua na kinywaji hutuama hapo.

Magonjwa ya fizi

Ukoga usiposafishwa hugeuka kuwa ugaga, yaani gamba gumu ambalo mswaki hauwezi kuliondoa. Ufizi huvimba na kutoa damu. Wengi wakiona damu huacha kupiga mswaki mahali hapo ili wasiuumize, jambo ambalo huzidisha ugonjwa. Ufizi unaotoka damu unahitaji kusafishwa zaidi, kwa ulaini. Katika hatua hiyo ugonjwa hupona. Ukiendelea, nyuzi zinazolishika jino na mfupa wa taya huliwa, jino hulegea na mwisho hung'oka likiwa zima, bila tundu hata moja. Tumbaku na kisukari kisichodhibitiwa huharakisha sana mwendo huo.

Floraidi, na maji ya Bonde la Ufa

Floraidi ikiwa katika mate huingia kwenye fuwele za enameli wakati zinajengwa upya, na enameli hiyo huhimili asidi kuliko ya awali. Ugunduzi wake ulianza na kasoro. Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alifika Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wengi wana madoa ya kahawia kwenye meno, na baadaye ilionekana kwamba meno hayo hayaozi kwa urahisi. Mwaka 1931 sababu ilijulikana kuwa floraidi katika maji. Mwaka 1945 mji wa Grand Rapids, Michigan, ukawa wa kwanza duniani kuongeza floraidi kidogo kwenye maji ya bomba.

Afrika Mashariki ina tatizo la upande wa pili. Miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa hutoa floraidi nyingi, na maji ya visima na mito katika maeneo ya Arusha na Meru, sehemu za Kilimanjaro, na Nakuru nchini Kenya huzidi mara nyingi kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi miligramu 4, kwa kuwa katika vijiji vingine maji mengine hayakuwepo. Magadi yanayotiwa katika maharage au makande ili yaive upesi huongeza floraidi nyingine.

Floraidi ikizidi wakati enameli ingali inajengwa ndani ya taya, yaani tangu utotoni hadi miaka 8 hivi, meno huota yakiwa na michirizi myeupe au madoa ya kahawia, na yakiathirika zaidi hubanduka vipande. Vijana wa maeneo hayo wakienda kusoma au kufanya kazi mikoa mingine hukejeliwa kwamba hawapigi mswaki. Kejeli hiyo haina msingi: doa limo ndani ya enameli yenyewe, na hakuna mswaki unaoweza kulitoa. Kiasi kikubwa zaidi kwa miaka mingi hupinda mifupa.

Kuchemsha maji hakuondoi floraidi; maji yanapopungua kwa mvuke, ile iliyobaki huzidi. Njia moja inayofaa ni kuyachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambayo imekuwa ikifanyiwa utafiti katika kituo cha Ngurdoto karibu na Arusha. Njia nyepesi zaidi kwa familia ni kukinga maji ya mvua kwa ajili ya kunywa na kupikia chakula cha watoto wadogo.

Utunzaji

Neno mswaki lina asili ya Kiarabu na liliitwa kwanza kijiti cha mti wa mswaki, Salvadora persica, ambao mizizi na matawi yake hutafunwa ncha hadi ichanue nyuzi. Mti huo huota katika nchi kavu kuanzia Afrika Mashariki hadi Bara Arabu na India. Kijiti kikitumiwa kwa makini husafisha vizuri. Udhaifu wake ni kwamba wengi husugua meno ya mbele tu na kusahau upande wa ndani wa magego, na hakina floraidi ya kutosha.

Inashauriwa kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dakika mbili kila mara, na mara moja kati ya hizo iwe kabla ya kulala bila kula chochote baadaye. Mswaki laini unatosha. Mgumu hula ufizi na shingo ya jino. Dawa ya meno iwe na floraidi sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni, kiasi ambacho huandikwa kwenye tyubu. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3 kiasi kinachotosha ni cha ukubwa wa punje ya mchele, na kuanzia miaka 3 hadi 6 ni cha ukubwa wa njegere, mzazi akisimamia ili isimezwe. Baada ya kupiga mswaki ni afadhali kutema tu kuliko kusukutua kwa maji mengi, kwani maji huondoa floraidi iliyotakiwa ibaki. Aliyekula kitu kikali kama ndimu, embe bichi au ubuyu asubiri kama nusu saa kwanza, kwa sababu enameli iliyolainishwa na asidi hulika kwa mswaki.

Kati ya meno na meno mswaki haupiti. Uzi wa kusafishia meno hufanya kazi hiyo. Kijiti cha kuchokolea hutoa mabaki ya nyama lakini hakiondoi ukoga, na kikitumika kwa nguvu huchoma ufizi.

Kuziba na kutengeneza

Jino lililotoboka huondolewa sehemu iliyooza, kisha tundu huzibwa. Kwa zaidi ya miaka 150 kizibo cha kawaida kilikuwa amalgamu, mchanganyiko ambao karibu nusu yake ni zebaki, pamoja na fedha, bati na shaba. Hudumu sana na ni nafuu, lakini kutokana na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 kuhusu zebaki nchi nyingi zinaupunguza, na Umoja wa Ulaya uliuzuia tangu Januari 2025 isipokuwa kwa sababu maalumu za kitabibu. Kizibo cha kompositi, yaani plastiki yenye chembe za kioo inayogandishwa kwa mwanga wa buluu, hufanana na rangi ya jino na hushikamana nalo. Bei yake ni kubwa zaidi, na huhitaji jino likaushwe kabisa wakati wa kazi.

Aina ya tatu ni saruji ya glasi-ionoma, iliyobuniwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Haina nguvu kama zile mbili, lakini hushikamana na jino lenye unyevu na hutoa floraidi polepole. Saruji hii hutumika katika mbinu iliyoanzia Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980 Mholanzi Jo Frencken, akifanya kazi na shule ya udaktari wa meno ya Dar es Salaam, alikabili tatizo la vijiji visivyo na umeme, ambako mashine ya kutobolea haikuwa na maana. Dentini iliyooza ni laini, hivyo ilikwanguliwa kwa vifaa vya mkono peke yake, na tundu likajazwa saruji iliyokandamizwa kwa kidole chenye glovu. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haikuhitajika. Majaribio yaliyofuata Thailand na Zimbabwe mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalionyesha kwamba vizibo vya upande mmoja wa jino hudumu vyema; vile vinavyogusa pande mbili au zaidi hutoka mapema. Shirika la Afya Duniani liliiunga mkono mbinu hiyo mwaka 1994, na leo hutumika pia katika nchi tajiri, hasa kwa watoto wanaoogopa mlio wa mashine. Mwaka 2021 saruji hiyo na dawa ya meno yenye floraidi ziliingizwa katika orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu.

Kuoza kukishafika kwenye kiini, kuziba peke yake hakufai. Daktari hufungua jino, hutoa kiini chote, husafisha mifereji ya mizizi hadi karibu na ncha, kisha huijaza na kuifunga. Jino lililotibiwa hivyo halina tena uhai wa ndani lakini linaweza kutafuna kwa miaka mingi. Gego la namna hiyo huwa rahisi kupasuka, kwa hiyo hufunikwa kofia ya chuma au ya kauri.

Katika vituo vingi vya umma Afrika Mashariki, hata hivyo, tiba inayotolewa zaidi ni kung'oa. Sababu ni kwamba wagonjwa hufika wakiwa wamechelewa, vifaa vya kutibu mzizi ni vichache, na kutibu mzizi huhitaji fedha na safari zaidi ya moja. Kung'oa kwenyewe ni salama kukifanywa na mtaalamu, na jino lenye jipu lisiloweza kuokolewa linapaswa kutolewa. Lakini gego likitoka, la jirani huegemea pengo, la upande wa pili hushuka au kupanda kutafuta mwenzake, na mfupa wa mahali hapo husinyaa.

Pengo hujazwa kwa meno ya bandia ya plastiki yanayovuliwa usiku, kwa daraja linaloshikiliwa na meno ya pande zote mbili, au kwa kipandikizi, ambacho ni skrubu ya titani inayozamishwa katika taya. Msweden Per-Ingvar Brånemark aligundua kwamba mfupa hushikamana na titani kana kwamba ni sehemu yake, na mgonjwa wake wa kwanza aliwekewa vipandikizi mwaka 1965. Ndiyo njia inayokaribia jino halisi kuliko nyingine, na ndiyo ya gharama kubwa.

Jino lililong'oka kwa ajali

Jino la kudumu lililotoka zima kwa kuanguka au kupigwa mpira linaweza kurudishwa, ikiwa nyuzi zilizobaki kwenye mzizi hazijakauka. Lishikwe kichwani, mzizi usiguswe wala kusuguliwa. Likiwa na uchafu lisuuzwe kwa maziwa au maji safi kwa sekunde chache, kisha lirudishwe mara moja tunduni likiangalia upande wake sahihi, na mtu aume kitambaa safi kulishikilia hadi afike kwa daktari wa meno. Kama haiwezekani, liwekwe ndani ya maziwa baridi. Lisifungwe katika karatasi au kitambaa kikavu, na lisilowekwe katika maji. Baada ya saa moja ya ukavu uwezekano wa nyuzi hizo kupona ni mdogo sana. Jino la utotoni halirudishwi, kwa sababu kulisukuma kunaweza kuumiza chipukizi la jino la kudumu lililo chini yake.